Maji ya kunywa Tamale: bomba, pure water, kisima au mvua, na ukishayapata uyafanyeje

Mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, anahamia Tamale mwezi ujao. Kapata kazi huku kaskazini mwa Ghana, anakuja na mtoto wa miezi nane, na juzi kanitumia voisi ya dakika nne inayouliza kitu kimoja tu: "Dada, huko kwenu mnakunywa maji gani?" Nikaanza kumjibu kwa voisi, ya kwanza, ya pili, ya tatu, nikaona hapa namchosha mtoto wa watu, bora niandike kila kitu sehemu moja alinganishe mwenyewe, na wengine mnaokuja huku kikazi au kwa kuolewa mtafaidika.

Mi niko hapa mwaka wa sita sasa. Sio mtaalamu wa maji, ni mtu aliyeugua tumbo vya kutosha mpaka akaanza kuuliza maswali.

Kabla hatujalinganisha chochote shika namba mbili. Kwenye ule utafiti wa kaya wa Ghana wa 2017/18, uliofanywa na ofisi ya takwimu ya hapa kwa msaada wa UNICEF, walipima bakteria wa kinyesi, E. coli, mara mbili: kwanza pale maji yanapochotwa, halafu kwenye glasi ya maji ambayo watu wa nyumba hiyo ndo wanakunywa. Kwenye chanzo karibu nusu ya watu maji yao yalikuwa na hao bakteria. Kwenye glasi ikawa 76%. Yaani kuna maji kibao yanatoka chanzo yakiwa mazima yanafika mdomoni yamechafuka, na hapo katikati hakuna mto wala kiwanda, kuna dumu, pipa, kata na mkono wa mtu. Kwa hiyo nikikwambia haya ni mazuri na yale mabaya, nahesabu na hiyo safari, sio kule yalikotoka tu.

Tuanze na bomba maana ndo utakalolikuta nyumbani. Maji ya Tamale yanavutwa mto White Volta pale Nawuni, yanasafishwa Dalun, yanatiwa klorini, yanasukumwa mjini. Yakiwa mtamboni hayana shida. Shida ni kwamba hayatoki kila siku, mtaani kwetu tunayaona siku mbili tatu kwa wiki na kiangazi kikikaza wiki inapita hivi hivi, sasa bomba likikaa tupu presha inashuka, na kama kuna ufa mahali, maji ya mtaroni yanajivutia ndani yenyewe, halafu siku yakirudi yale ya kwanza yanakuja na kila kilichokuwemo. Ndo maana wenyeji wakisikia koki inakohoa wanakinga ndoo ya kwanza ya kufulia, ya pili ya kuoshea vyombo, ya kunywa baadaye kabisa. Fuata hivyo hivyo.

Na kwa sababu hayatoki kila siku, kila nyumba ina tanki jeusi juu ya mnara wa zege, wao wanaita polytank kama sisi tunavyoita simtank hata likiwa la kampuni nyingine. Tanki ndo linaloharibu hesabu. Klorini inapungua kadri maji yanavyokaa, na jua la huku sio la mchezo, maji ya saa nane mchana yanatoka ya moto unaweza kukandia maandazi. Mwaka wangu wa pili fundi alipanda kurekebisha boya akaacha mfuniko umelegea. Tulikunywa wiki mbili bila kujua, mpaka siku koki ya jikoni ikaanza kutoa maji kwa kamstari kembamba, tukafungua bomba, ndani kumekwama mkia wa mjusi. Mkia tu! Mjusi mwenyewe tulimkuta juu huko, sitaki kueleza hali yake.

Baada ya hapo ndo nikanunua vile vichupa vya kupimia, unajaza maji, unaacha sehemu ya joto siku moja au mbili, yakigeuka meusi ujue kuna uwezekano mkubwa kuna uchafu wa kinyesi. Sio kipimo cha maabara, ila ni bei chee na mtu yeyote anaweza. Nilijaza vinne: koki ya nje inayotoka moja kwa moja barabarani, koki ya jikoni inayotoka kwenye tanki, ndoo yangu ya kunywea yenye mfuniko, na mtungi wa mama mwenye nyumba, tunamwita Mma, yaani mama kwa Kidagbani. Cha koki ya nje hakikubadilika. Cha tanki kikawa na weusi kidogo chini. Cha ndoo yangu, ndoo yangu mimi niliyekuwa najiona msafi, kilikuwa cheusi kuliko cha tanki. Cha mtungi wa Mma kilikuwa kama wino.

Mtungi wenyewe uko kibarazani, wa udongo, mdomo mpana, umefunikwa sahani ya bati na juu ya sahani kuna kata ya kibuyu. Maji yake ni ya baridi na matamu kweli. Mgeni akifika, kabla hajaulizwa habari wala shida iliyomleta, anapewa maji, ndo heshima ya huku na ukiyakataa unaonekana una lako jambo. Sasa tazama anavyochotewa: anayechota kashika kata kwa vidole vinne nje na dole gumba ndani, dole linazama na kata, kata inatoka imejaa, anapokea mgeni, anakunywa, yaliyobaki yanarudishwa mtungini. Kutwa nzima hivyo. Watoto nao wanajichotea wakitoka kucheza. Nikatazama ndoo yangu nikakumbuka na mimi nachota kwa kikombe, kikombe chenyewe kinakaa sinki. Sikuwa na cha kumcheka mama wa watu.

Kwa hiyo bomba: chanzo kizuri, safari mbovu. Ila safari hiyo unaweza kuitengeneza mwenyewe ndani ya nyumba yako, ndo uzuri wake.

Kuhusu bomba kuna kingine wengi hawakijui. Watafiti wa Chuo Kikuu cha North Carolina na wenzao walipima madini ya risasi kwenye mifumo 261 ya maji vijijini Ghana, Mali na Niger, wakakuta karibu moja kati ya kumi imezidi kikomo cha WHO ambacho ni mikrogramu 10 kwa lita, na risasi yenyewe haitoki ardhini, inatoka kwenye koki na viungio vya shaba ya bei rahisi. Huwezi kuionja wala kuiona. Unachoweza ni kutochota yale yaliyolala kwenye bomba usiku, fungua kwanza yapite kidogo, yakinge kwa kudekia, halafu ndo ukinge ya mtoto.

Sasa pure water. Hii ndo Ghana yenyewe. Ni kifuko cha nailoni cha nusu lita kimebanwa kwa mashine, vinauzwa kimoja kimoja barabarani au mfuko wa vifuko 30, yaani lita 15. Sensa ya 2021 ilionyesha zaidi ya theluthi ya kaya za nchi hii maji yao ya kunywa ni hayo. Zamani walikuwa wanafunga kwa mkono, kama yale maji yetu ya kandoro enzi zile Dar, siku hizi viwanda vyake vinatakiwa viwe vimesajiliwa na FDA, mamlaka yao ya chakula na dawa. Kiusalama wa ndani ya kifuko, kwa wastani yako vizuri kuliko maji yaliyokaa pipani, sababu yamefungwa, hakuna anayechovya dole. Ila viwanda havifanani. Kuna vya kweli na kuna vya uchochoroni, angalia jina la kiwanda, namba ya usajili na tarehe, kama maandishi yamefutika futika hivi achana nayo, na usinunue mfuko uliokaa juani mbele ya duka, maji yakinuka nailoni utayajua tu.

Kitu ambacho hakuna anayekisema ni nje ya kifuko. Unakifungua vipi? Unang'ata kona, unatema kipande, unafyonza. Sasa hiyo kona imetoka kwenye beseni la muuzaji, imeogelea maji ya barafu iliyoyeyuka toka asubuhi, imeshikwa na mkono uliokuwa unapokea noti. Mi nafuta kwa kitambaa safi na nakata kwa mkasi nikiwa nyumbani, barabarani nakata tamaa nang'ata kama wengine. Na taka zake, mungu wangu, mtaro wowote ukiziba Tamale hadi Accra chunguza utavikuta, na mtaro ukiziba mafuriko yanaingia kwenye mabomba yale yale yenye ufa. Kwa gharama, mtu mmoja anamudu. Ukiwa na familia na unapikia humo humo, mwisho wa mwezi utalia.

Kisima kirefu cha pampu. Kijijini hiki ndo mfalme na mara nyingi kwa bakteria kiko vizuri kikiwa kimejengwa vizuri, zege imezunguka, choo kiko mbali, ng'ombe hawanywei pale pale. Ila kisima kina tabia zake za madini. Kile cha msikitini karibu na kwetu kina chuma kingi, maji yanatoka meupe, ukiyaacha nusu saa yanageuka rangi ya kutu, na mwaka wangu wa kwanza niliyapikia majani ya chai niliyobeba toka nyumbani, chai ikawa nyeusi ya zambarau kama nimetia wino, na ladha ya msumari. Hayakuui hayo. Ila ndo yanafanya akina mama wengine vijijini wapite pampu nzima wakachote lambo, kwa sababu ya lambo yanapika wali ukabaki mweupe.

Madini ambayo ni shida kweli ni floraidi, na kuna wilaya huku mkoa wa Upper East inaitwa Bongo, sio utani, inaitwa Bongo, mpakani na Burkina Faso. Mwamba wa pale una floraidi, visima vingine vikafungwa kwa kuzidi kikomo cha WHO cha miligramu 1.5 kwa lita, na ukikutana na watu waliokulia pale meno yana rangi ya kahawia vile vile kama ya watu waliokulia Arusha na Meru. Mara ya kwanza nilidhani nimekutana na mtu wa nyumbani. Hii muhimu: floraidi huitoi kwa kuchemsha, ukichemsha maji yanapungua floraidi inabaki ile ile, yaani unaikoleza. Kama kazi yako itakupeleka huko na mtoto, kwa maji ya mtoto uliza kisima kimepimwa lini, kama hakuna jibu nunua pure water au kinga mvua.

Mvua yenyewe huku kaskazini ni msimu mmoja, Mei mpaka Oktoba hivi, sio kama kusini wana mara mbili. Ni maji mazuri bila chumvi bila chuma, ila bati la huku limekaa miezi na vumbi la Harmattan, ule upepo mkavu unaotoka jangwani, popo, ndege na wale ndugu wa mjusi wangu. Mvua mbili tatu za mwanzo acha zioshe paa. Na baada ya Novemba sahau.

Maji ya boza nitapita haraka: hujui yametoka wapi, dereva anaweza kukwambia bomba kumbe mto, tanki la gari hujui juzi lilibeba nini. Ya kuogea sawa. Ukiyanywa yatibu kama ya lambo.

Lambo ni bwawa la kuchimbwa linalokinga mvua, ng'ombe, mbuzi, binadamu wote humo. Vijiji vingi kuzunguka Tamale vimeishi kwa malambo, na ndo yaliyokuwa yanaeneza minyoo ya Guinea, ule mnyoo unaochomoza mguuni kama uzi. Hapo Savelugu tu, kaskazini kidogo ya Tamale, walilipukiwa nao 2006 na 2007. Ghana ikapata mgonjwa wa mwisho Mei 2010, Januari 2015 WHO ikawapa cheti, na silaha mojawapo ilikuwa kitambaa cha kuchujia. Kitambaa kinazuia kale kadudu ka majini kanakobeba mabuu ya mnyoo. Bakteria wanapita kama hakipo. Nasema hivyo sababu bado utakuta mtu anakwambia "nimeyachuja" na kweli kayachuja, kwa kitambaa.

Ukienda kusini mambo mengine kabisa. Kule adui ni galamsey, uchimbaji dhahabu holela, unakoroga mito na kumwaga zebaki. Agosti 2024 mtambo wa Sekyere Hemang kwenye mto Pra, unaolisha Cape Coast na Elmina, walitangaza tope limefika wastani wa NTU 14,000, NTU ndo kipimo cha tope kwenye maji, wakati mtambo umetengenezwa kwa 2,000. Hayo hata uyachemshe siku nzima zebaki haiendi popote.

Haya, umeshapata maji. Sasa unayafanyeje? Hapa watu wanabishana kama mpira, huyu anasema chemsha, huyu kidonge, huyu chujio, na wote wako sahihi kwa maji fulani.

Kuchemsha kunaua vyote, virusi, bakteria, na vile vijidudu vigumu ambavyo klorini haiviwezi. Yakishatokota yanachemka kabisa, dakika moja inatosha, sio lazima uyachemshe mpaka sufuria ilie. Ubaya ni mkaa au gesi, na ubaya mkubwa zaidi ni kwamba yakishapoa hayana ulinzi wowote, ukichovya kikombe kichafu umerudi mwanzo na gesi imeisha. Kwa maziwa ya kopo ya mtoto hapa sina mjadala, chemsha, na koroga maziwa maji yakiwa bado ya moto, WHO wanasema yasiwe chini ya nyuzi 70, halafu poza chupa.

Kidonge cha klorini, Aquatabs famasi zipo, ni ndugu yake waterguard ya nyumbani. Cha miligramu 67 ni cha lita 20, dakika 30, unywe. Tofauti yake na kuchemsha ni kwamba klorini inabaki kazini, hata dole likiingia bado kuna askari mlangoni. Ila angalia dumu lako, yale madumu ya njano hapa yanaitwa Kufuor gallon, yamechukua jina la rais Kufuor sababu enzi zake watu walihangaika nayo kutafuta maji, na mengine yanajaa zaidi ya lita 20, usikadirie. Na maji yakiwa na tope kidonge kinapoteza nguvu kwa tope badala ya wadudu. Harufu utaizoea, mume wangu alichukua miezi miwili.

Tope ndo kazi ya shabu. Sokoni wanauza madonge, unashika donge unalizungusha kwenye maji kama unakoroga uji, ndani ya saa moja tope limelala chini, juu maji kama kioo. Wengine wanatumia mbegu za mlonge zilizopondwa. Sasa macho yanadanganya hapo, maji meupe sio maji salama, shabu imeyaandalia kidonge tu. Shabu, mimina ya juu taratibu, kidonge, subiri.

Chujio la udongo ndo ninalolipenda mwenzenu. Ni chungu kama cha kupandia maua, kinakaa ndani ya ndoo ya plastiki yenye koki. Wanafinyanga udongo na pumba za mpunga, tanuruni pumba zinaungua zinaacha vitundu vidogo sana, halafu wanapaka dawa ya fedha. Wazo lilitoka Guatemala 1981, hapa Tamale shirika la Pure Home Water walilisambaza kwa jina la Kosim. Linatoa lita moja mpaka tatu kwa saa, ukijaza usiku asubuhi umeamka na ndoo. Linashika tope na bakteria vizuri, virusi sio sana, floraidi na zebaki hapana kabisa. Usilioshe kwa sabuni, brashi na maji tu, na likipata ufa hata wa unywele ni la kupandia maua kweli. Kinachonifurahisha sio chungu, ni ile koki. Hakuna anayechovya kitu. Nilipima tena na kichupa wiki ya tatu, hakikubadilika.

Chupa juani, zile za plastiki angavu masaa sita, inafanya kazi kama maji hayana tope na jua lipo. Mawingu yakiwepo siku mbili. Vumbi la Harmattan likitanda jua lenyewe linakuwa kama tochi imeisha betri. Kwa safari sawa.

Mdogo wangu, nyumba uliyopata ina bomba na tanki, kwa hiyo usihangaike na boza wala kisima. Kinga ya koki ya nje siku yakitoka, weka kwenye chujio, na mvua zikiwa kubwa maji yakageuka rangi weka na kidonge kwenye ndoo ya chini, sio juu ya udongo. Ya mtoto chemsha hayo hayo uliyochuja. Pure water nunua mfuko mmoja wa akiba na wa wageni. Tanki mpandishe fundi alioshe kabla hujahamia, na akishuka panda mwenyewe uangalie mfuniko. Ukija kwetu Mma atakupa maji, pokea, siku hizi mtungi wake una koki chini, alichukua mwaka mzima kukubali na alikubali baada ya kuona kichupa, sio baada ya maneno yangu.

Chujio nimeshakununulia, liko jikoni linapitisha yale maji ya kwanza ya kumwaga, namwagilia mchicha. Wewe niletee majani ya chai tu, pakiti mbili, na usiyapikie maji ya msikitini.